Sitara ya Masikini na Jicho la Kamera

Ndugu msomaji,

Nakuomba uanze kwa kujiuliza swali hili. Siku ambayo nyumbani kwako hamna unga wala mafuta, na mgonjwa yumo kitandani hajabadilishiwa shuka, akaja mtu mwenye kamera akapiga hodi, akasema anataka kuwapiga picha ili ulimwengu uijue hali yenu: je, utamfungulia mlango? Na ukimfungulia, utamkaribisha mpaka chumba gani?

Swali hili limenijia kwa sababu ya vitabu viwili vya picha. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi Ujerumani, alikuja kutuzuru, na baada ya sala ya laasiri akaviweka vitabu hivyo mbele yangu. Akasema, "Maalim, nataka rai yako. Kule watu wanavisifu vyote viwili, lakini kimoja kinanitia uzito moyoni na sijui kwa nini."

Vitabu hivyo vinahusu nchi moja, Ukraine, na wakati mmoja, yaani miaka ya baada ya kuvunjika Umoja wa Kisovieti. Wapiga picha wote wawili ni wenyeji wa nchi hiyo, si wageni waliopita njia. Wote wawili wamewapiga picha masikini. Juu ya hayo, nilipovimaliza niliona kuwa kimoja nimekitazama, na kingine nilikuwa nikikichungulia. Makala haya ni jawabu yangu kwa mwanafunzi yule. Nakuletea wewe pia, kwani leo kila nyumba ina kamera ndani ya simu, na kila nyumba inaletewa picha za masikini usiku na mchana. Sitaingia hapa katika khitilafu ya wanavyuoni juu ya picha yenyewe. Mazungumzo yangu ni juu ya haki ya yule anayepigwa.

Nchi iliyoificha njaa yake

Walio na umri kama wangu watayakumbuka magazeti ya picha yaliyokuwa yakitoka Urusi katika miaka ya 1970. Karatasi yake ilikuwa nzito na yenye kung'aa, nasi watoto tuliipenda kwa kujalidia daftari za shule. Daftari yangu ya hesabu ilikuwa na mwanamke aliyekaa juu ya trekta, mashavu mekundu, anacheka. Hatukupata kuona humo mzee mwenye viatu vilivyotoboka, wala foleni ya mkate, wala mlevi aliyelala njiani. Si kwamba watu hao hawakuwako. Ni kwamba mpiga picha wa serikali hakuwa na ruhusa ya kuwaona.

Na jambo hili halikuanza miaka hiyo. Mwaka 1932 na 1933 iliingia Ukraine njaa iliyoua mamilioni ya watu, baada ya serikali ya Stalin kuwanyang'anya wakulima nafaka zao. Mji wa Kharkiv, ambao wakati huo ndio uliokuwa makao makuu ya Ukraine ya Kisovieti, ulikuwa na maiti barabarani. Serikali ilikanusha kuwa kuna njaa, na waandishi na wapiga picha wa nchi hawakuthubutu kuionyesha. Picha chache za kweli tulizonazo za njaa ile mjini Kharkiv zilipigwa kwa siri na mhandisi wa Austria, Alexander Wienerberger, aliyekuwa akifanya kazi huko, na zilitolewa nchini kwa kificho. Fikiria, ndugu yangu: mamilioni wafe, na ushahidi wa macho ubakie katika kamera ya mgeni mmoja mwenye kuogopa.

Kisha mwezi wa Desemba 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika. Watu wengi wa nje walidhani kuwa kilichoanguka ni bendera na sanamu za viongozi. Kwa mtu wa kawaida kilichoanguka ni mshahara wake, akiba yake na dawa yake. Urusi iliziachia bei za vitu Januari 1992, na katika mwaka huo mmoja bei zikapanda kiasi cha mara 26. Ukraine hali ilikuwa mbaya zaidi: mwaka 1993 bei zilipanda zaidi ya mara 100. Maana yake, fedha iliyotosha kununua magunia 100 ya unga mwanzo wa mwaka, ulipofika mwisho wake haikutosha gunia moja. Mzee aliyefanya kazi kiwandani miaka 40, akaweka akiba ya uzee na ya maziko yake, akaamka asubuhi moja akaona kuwa akiba ile ni karatasi. Viwanda vilikuwa havilipi mishahara miezi mingi. Urusi, umri wa kuishi uliotarajiwa kwa mwanamume ulishuka kutoka kiasi cha miaka 64 mwaka 1990 mpaka chini ya miaka 58 mwaka 1994. Haukushuka kwa vita wala kwa tauni. Umeshuka kwa ulevi, moyo, fujo, na watu kukosa tumaini.

Nimeyataja haya kwanza kwa sababu picha bila ya sababu yake ni kama hukumu bila ya mashahidi. Mtu akiona picha ya mzee mchafu barabarani, na hajui kuwa mzee huyo alikuwa fundi wa mitambo, atasema, "Mlevi huyu." Na hukumu hiyo itakuwa dhuluma ya pili.

Kitabu cha kwanza

Boris Mikhailov alizaliwa Kharkiv mwaka 1938. Alikuwa mhandisi, akafukuzwa kazi baada ya watu wa usalama wa KGB kuzikuta picha alizompiga mkewe akiwa hana nguo. Sisi tutasema kuwa picha zile hazikufaa kupigwa. Lakini na tukumbuke kwamba serikali iliyoona aibu kwa mwili wa mwanamke mmoja ndiyo ile ile ambayo haikuona aibu kuzificha maiti za mamilioni.

Mwaka 1997 na 1998, baada ya kukaa muda Berlin, Mikhailov alirudi katika mji wake akaona aina mbili za watu ambao hakuwazoea: matajiri wapya wenye magari makubwa na walinzi, na watu wasio na makaazi. Warusi huwaita watu hao wa pili bomzh, neno lililounganishwa kutokana na herufi za maneno ya polisi yenye maana ya "asiye na makaazi maalumu". Ajabu ya mambo ni kuwa mtu anapoteza nyumba, na serikali inampa kifupisho. Mikhailov aliwapiga picha watu hao, na mwaka 1999 zikatoka katika kitabu chenye picha zaidi ya 400, kiitwacho Case History, yaani maelezo ya ugonjwa kama daktari anavyoyaandika katika faili la mgonjwa.

Na tumfanyie insafu kwanza. Mikhailov ana hoja, na hoja yake ina nguvu. Anasema kuwa nchi yake haina picha za njaa ya miaka ya 1930, na haina picha za huzuni ya vita, kwa kuwa ilikatazwa kuonyesha huzuni. Basi hakutaka balaa jengine lipite bila ya kuandikwa. Mtu wa nchi ile akisema hivyo hatuwezi kumwambia kuwa anatafuta sifa tu. Na katika picha zake wamo watu wanaoitazama kamera bila ya kuinamisha macho, wamo mume na mke walioshikana katika baridi, na mtazamaji anajua kuwa hawa ni watu na si takataka, ingawa mji mzima unawapita kama takataka.

Lakini njia aliyoipita ndiyo yenye tatizo. Mikhailov aliwalipa watu wale fedha, na wengi wao aliwataka wafungue nguo zao. Wanasimama katika theluji wamenyanyua shati, wameteremsha suruali, wanaonyesha vidonda, makovu, uvimbe, na sehemu ambazo sitazitaja hapa. Wengine amewapanga wakae kama masanamu ya makanisa ya Kikristo, mmoja ameegemezwa mikononi mwa wengine kama maiti aliyeteremshwa. Niliposoma mpaka katikati nilikifunga kitabu, nikakiweka juu ya kabati ambapo wajukuu hawafiki, nikakimaliza usiku.

Wanaomtetea watasema kuwa wale watu waliridhia, na walilipwa. Hapa ndipo elimu yetu ya chuoni ina la kusema. Mafakihi wamezungumza tangu zamani juu ya biashara ya mtu mwenye dharura. Mtu aliyebanwa na njaa akauza nyumba yake kwa bei ya kutupa, ametamka neno la kuuza kwa ulimi wake mwenyewe. Je, mnunuzi ana haki ya kutembea na furaha, akisema, "Sikumlazimisha"? Njaa ndiyo iliyomlazimisha, na mnunuzi alikuwa akiiona. Basi na huyu aliyefungua shati katika baridi ya Kharkiv hakuuza picha tu. Aliuza sitara yake, yaani kitu ambacho mtu aliyeshiba hauzi.

Mikhailov mwenyewe hakuificha fedha ile. Anasema kuwa kulipa na kumtumia mtu kwa fedha ndiyo desturi mpya iliyoingia katika nchi zote zile, na kwamba picha zake zinaionyesha desturi hiyo. Nakubali kuwa huo ni ukweli, na si kila mpiga picha anayekiri hivyo. Ila kukiri kosa hakuligeuzi kosa likawa wema. Mtu akikuibia, kisha akakueleza kwa ufasaha kuwa zama hizi ni zama za wizi, mali yako bado iko mfukoni mwake.

Tena angalia picha zile zilikokwenda. Mwaka 2000 Mikhailov alipewa tuzo ya Hasselblad, ambayo ni katika tuzo kubwa kabisa za wapiga picha duniani. Mwaka 2011 picha za kitabu hiki zilitundikwa katika jumba la sanaa la MoMA mjini New York, zimekuzwa zikakaribia kimo cha mtu. Watu waliokunywa kahawa yao wakasimama mbele ya vidonda vya watu wa Kharkiv, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Sisemi kuwa hakuna aliyeguswa. Nasema kuwa aliyefungua nguo alikuwa amekwisha kulipwa siku nyingi, na hakuna aliyemwuliza kama anataka kusimama New York katika hali ile.

Kitabu cha pili

Mwaka 1994 na 1995, katika mji wa Luhansk ulioko mashariki ya Ukraine katika nchi ya makaa ya mawe, kulikuwa na kazi moja ya serikali. Paspoti za Kisovieti zilikuwa hazina nchi tena. Paspoti tunayoikusudia hapa si ya kusafiria. Ni ya ndani, mfano wa kipande chetu, na ndiyo inayomtambulisha mtu kuwa ni raia. Kila mtu alitakiwa abadilishe ya zamani achukue ya Ukraine, na paspoti inataka picha. Wazee na wagonjwa wasioweza kutoka majumbani mwao wakawa na tabu. Basi idara ya ustawi wa jamii ikamwajiri mpiga picha kijana wa mji huo, Alexander Chekmenev, aliyezaliwa mwaka 1969, afuatane na wafanyakazi wake nyumba kwa nyumba.

Picha ya paspoti inahitaji uso na nyuma yake peupe. Katika nyumba zile hapakuwa na ukuta mweupe. Kwa hiyo mfanyakazi wa idara alikuwa akinyanyua kitambaa cheupe nyuma ya mzee, mpiga picha akapiga uso, na kazi ikaisha. Serikali ikapata ilichokitaka: uso, na weupe.

Chekmenev hakutosheka na hilo. Baada ya kupiga ile picha ya kazi alirudi nyuma hatua chache akapiga tena, kwa rangi, chumba kizima. Hapo ndipo unapokiona kitambaa chenyewe na mikono ya aliyekishika. Unamwona bibi kizee amekalishwa juu ya kitanda chake, na pembeni mwa kile kitambaa kuta zilizochakaa, matandiko yaliyochoka, vyombo na nguo zilizorundikana, na mwengine mgonjwa asiyeweza kukaa bila ya kutegemezwa. Picha hizi zilikaa miaka zaidi ya 20, na mwaka 2017 zikatoka katika kitabu kwa jina la Passport.

Ndugu msomaji, niliitazama picha moja ya namna hiyo muda mrefu sana. Mzee katika picha hakuombwa avue kitu. Wengi wao wamejiweka sawa kwa kadiri ya uwezo wao, kama unavyojiweka sawa wewe unapokwenda kupigwa picha ya kipande. Amekaa kwa ajili ya jambo lake mwenyewe: anataka aandikwe, ajulikane kuwa yupo. Mpiga picha hakumshusha katika daraja hiyo. Alichokifanya ni kuonyesha upana wa chumba, na upana wa chumba ukawashitaki wengine. Ukiutazama uso tu utasema, "Mzee." Ukitazama mikono iliyoshika kitambaa utauliza, "Ni nani aliyewaacha wazee hawa hivi, kisha akaja kuwataka picha?"

Simfanyi Chekmenev kuwa walii. Wazee wale walimfungulia mlango kwa ajili ya paspoti, hawakumfungulia kwa ajili ya kitabu. Mwenye kuchukua zaidi ya alichoitiwa, hata kikiwa ni kizuri, amebeba dhima. Mwanafunzi wangu aliniuliza, "Basi, Maalim, tofauti iko wapi, ikiwa wote wawili wamechukua?" Nilimjibu kuwa tofauti iko katika kilichobaki mkononi mwa masikini baada ya kamera kuondoka. Watu wa Kharkiv walibakiwa na fedha ya kula na mwili ulioonyeshwa ulimwengu. Wazee wa Luhansk walibakiwa na paspoti yenye uso wao na jina lao, na heshima yao iko pale pale walipoiweka.

Sitara ni ya nani?

Najua kuna msomaji atakayesema kuwa bora picha zote mbili zisingepigwa, kwani sisi tumefundishwa kusitiri. Neno hili ni la haki, lakini lataka lifahamike vyema, maana wadhalimu hulipenda sana likifahamika vibaya.

Kinachositiriwa ni aibu ya mtu: kosa alilolifanya akajuta, mwili wake, siri ya nyumba yake. Ama ufukara si kosa. Mwenye njaa hakufanya jambo la kumfanya ajifiche. Aibu ya njaa iko juu ya aliyeisababisha na juu ya aliyeshiba akanyamaza. Basi ukiificha njaa ukasema unamsitiri masikini, kumbe unamsitiri yule aliyemnyang'anya nafaka. Hivyo ndivyo ilivyofanywa mwaka 1933, na mamilioni wakafa katika "sitara" hiyo. Na kile kitambaa cheupe cha Luhansk, ingawa walikinyanyua watu wema kwa kazi ya haki, kilikuwa na kazi hiyo hiyo ndani ya picha ya serikali: uso ubaki, chumba kipotee.

Kwa hiyo sitara ni ya mtu, si ya dhuluma. Mpiga picha mwema anaufunika mwili wa masikini na anaifunua hali iliyomfikisha hapo. Mikhailov, pamoja na ujasiri wake wote, alifunua mwili. Ukikifunga kitabu chake unakumbuka vidonda, na humkumbuki aliyeuza kiwanda. Chekmenev aliuacha mwili katika nguo zake, akafunua chumba. Hii ndiyo sababu ya ule uzito aliouhisi mwanafunzi wangu moyoni.

Jambo lililonifika mwenyewe

Haingekuwa insafu kuwahukumu watu wa mbali na mimi mwenyewe nikajiweka kando. Miaka michache iliyopita, mwezi wa Ramadhani, jumuiya moja ya nje ilituletea chuoni msaada wa unga, mchele, mafuta na tende. Sharti lao lilikuwa kwamba kila anayepokea apigwe picha ameshika mfuko, na nyuma yake vijana wawili wameshika bango la kitambaa lenye jina la jumuiya. Niliridhia. Nilijiambia kuwa wafadhili wana haki ya kujua mali yao imekwenda wapi. Na katika picha nyingi nami nimo, nimesimama kando na kanzu yangu, natabasamu.

Alikuja mjane mmoja wa mtaa wetu na mwanawe wa miaka kumi. Nilimwona akiunyanyua mfuko ukamfika usoni. Mpiga picha akamwambia aushushe, aonekane. Mama yule akanitazama mimi. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikamwambia, "Shusha kidogo tu, mama, tumalize." Akaushusha.

Picha zikaingia katika simu. Haikupita wiki ila watoto wenzake yule kijana wakawa wanamwita "Mfuko wa Unga". Akaacha kuja chuoni. Nilipokwenda kwao kuuliza, mama yake alinikaribisha kwa heshima zote, akanipa chai, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Maalim, ule unga tuliula siku kumi na mbili. Picha bado ipo."

Sikuwa na jawabu. Nilimwomba radhi, nikaomba picha ile ifutwe, lakini kilichokwisha kuingia katika simu za watu hakina wa kukikusanya. Mwaka uliofuata niliwaandikia wale wafadhili kuwa tutawapelekea hesabu ya magunia, daftari yenye saini na dole gumba za waliopokea, na picha ya ghala kabla na baada ya kugawa. Nyuso za watu hatutapeleka. Hawakuleta kitu. Ramadhani hiyo tuligawa kidogo tulichochangishana mtaani, na kuna nyumba zilizokosa. Hilo nalo liko shingoni mwangu, wala sijioni kuwa nilishinda. Yule kijana sasa anasoma katika chuo cha mtaa wa pili. Nafurahi kuwa anasoma.

Nilipokiona kile kitambaa cheupe katika kitabu cha Luhansk, nilikumbuka bango letu. Tofauti ni kuwa kitambaa chao kilikuwa ni kwa ajili ya kumwandika mzee katika watu wa nchi yake. Chetu kilikuwa ni kwa ajili ya kumwandika mfadhili.

Namna ya kutazama

Basi nini la kufanya? Sikwambii uzifunge picha za masikini zisiingie nyumbani kwako. Lau wangepatikana wapiga picha 100 wenye ujasiri katika Kharkiv ya 1933, huenda wangeokoka watu wengi. Na leo pia miji ile ile haijapumzika. Luhansk ilitoka mikononi mwa serikali ya Ukraine tangu mwaka 2014, na Kharkiv imepigwa kwa makombora tangu vita vya 2022. Mwaka huo Chekmenev alikuwa mjini Kyiv akiwapiga picha raia wa kawaida waliobakia, mmoja mmoja, kwa utulivu na mwangaza mzuri, kama zamani watu walivyokuwa wakipigwa wafalme. Umri umemwongezea adabu ile ile aliyokuwa nayo ujanani.

Ninalokuomba ni kuwa picha ya masikini ikikufika, usiipitishe kwa mwengine kabla ya kuiuliza mambo matatu. La kwanza: huyu mtu amepigwa katika hali ambayo ningeridhia kupigwa mimi, au mama yangu? La pili: picha hii inanionyesha kilichomfikisha hapa, au inanionyesha vidonda vyake tu? La tatu: baada ya kamera kuondoka, yeye alibakiwa na nini? Ikiwa majibu ni mabaya, isimame kwako. Na ikiwa wewe ndiye unayetoa, basi toa, na uiweke simu mfukoni. Sadaka ikifuatwa na masimango hubatilika; na picha ya mpokeaji inayotembea mji mzima ni simango lisilonyamaza.

Mwanafunzi wangu amekwisha rudi Ujerumani. Kitabu cha kwanza nilimrudishia akaondoka nacho. Cha pili alinitunukia, nami nimekiweka chuoni pamoja na vitabu vyetu, ili wanafunzi wakubwa wakisome na tukizungumze. Siku ya kwanza nilipowafunulia, kijana mmoja hakuuliza kitu juu ya yule mzee. Aliweka kidole juu ya kitambaa, akauliza, "Maalim, na huyu aliyeshika, mbona uso wake hauonekani?"

Nikamwambia hilo ndilo swali. Tukalianzia hapo.

Wabillahi tawfiq.